Pishi ya Zakatul-Fitri: Kutoka Madina hadi Nalasi



Zakatul-Fitri ilifaradhishwa mwaka wa 2 Hijria, mwaka ule ule wa funga ya Ramadhani. Katika hadithi ya Ibn Umar (R.A.), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (S.A.W.) aliwawajibishia Waislamu, wakubwa kwa wadogo, swaa moja ya tende au ya shayiri, na akaamrisha itolewe kabla watu hawajatoka kwenda kuswali.

Swaa ni chombo, si mizani. Ni mudi nne, nasi Waswahili tukaikuta katika pishi yetu ya vibaba vinne. Wanaokadiria kilo 2.5 wanafanya wepesi, lakini asili ni ujazo.

Chombo hicho kilileta mjadala mapema. Imam Abu Hanifa alishika swaa ya ratili 8 za Iraq. Imepokewa kuwa mwanafunzi wake, Abu Yusuf, alipofika Madina aliletewa swaa na watoto wa Muhajirina na Ansari, kila mmoja na aliyoirithi kwa wazee wake. Akazipima, akazikuta ratili 5 na thuluthi. Akaiacha kauli ya mwalimu wake. Huyu ndiye aliyekuwa Kadhi Mkuu wa dola ya Abbasi, na hoja iliyomgeuza ilitoka majikoni mwa watu!

Huku kwetu, Wayao waliupata Uislamu kwa wingi katika karne ya 19, kwa njia ya misafara ya biashara ya Kilwa, na pamoja nao madhehebu ya Imam Shafi. Kwa madhehebu hayo hutolewa chakula kikuu cha mji. Nalasi, mkoani Ruvuma, haina tende wala shayiri. Ina mahindi na muhogo, mazao yenye asili ya Amerika ambayo Imam Shafi, aliyefariki mwaka 204 Hijria, hakuyajua. Mahindi hayakuleta taabu: ni nafaka, huwekwa ghalani na hupimwa kwa pishi. Mtihani ni muhogo. Fitri hutoka katika vyakula vinavyotolewa zaka ya mazao, na mizizi haimo. Basi mla muhogo mwenye ziada ya chakula cha usiku na mchana wa Idi na atafute nafaka. Asiye na ziada hadaiwi kitu, bali yeye ndiye wa kupewa.

Unga nao, kwa Mashafi, hautoshi. Sababu waliyoitaja mafakihi ni kuwa punje inafaa kwa yasiyofaa unga: huwekwa, huoteshwa, husagwa. Mahanafi wameruhusu unga na hata thamani yake kwa pesa. Hatuwabezi, ila kwa maskini mkulima tunaiona hoja ya punje kuwa na nguvu zaidi.

Limebaki suala la waliohama. Kijana wa Nalasi ambaye jua la mwisho wa Ramadhani limemchwea Songea, fitri yake ni ya maskini wa Songea. Ya wazazi wake wasiojiweza, anaowalisha, kwa kauli iliyo sahihi zaidi itolewe Nalasi waliko.