Mikono Iliyoujenga Mji wa Lamu

Historia tunayosomeshwa aghalabu ni historia ya wafalme, maliwali na vita. Tukifungua habari za pwani ya Kenya twasoma juu ya masultani wa Pate, Wareno na merikebu zao, na vita vya Shela vilivyopiganwa mwanzoni mwa karne ya 19, watu wa Lamu walipowashinda watu wa Pate na Wamazrui wa Mombasa. Habari hizo ni za kweli, na yafaa zijulikane. Lakini mji hauishi kwa vita. Vita huja vikapita. Maji huchotwa kila siku, mtama hutwangwa kila siku, na mawe ya nyumba hubebwa moja moja. Basi katika insha hii nataka, msomaji, tuwaache masultani katika viti vyao, tuwatafute wale waliochota, waliotwanga na waliobeba. Tutawatafuta Lamu, kwa kuwa mji huo umehifadhi majengo yake ya kale kuliko miji mingi ya Waswahili, hata mwaka 2001 ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia.

Utauliza: watu ambao hawakuandika vitabu, wala hawakuandikwa vitabuni, watatafutwaje? Jibu lake ni kwamba mtu huacha alama katika kazi yake. Nyumba ya mawe ni shahidi asiyechoka kusimama, nasi tunaweza kumhoji.

Nyumba kubwa za Lamu, ambazo nyingi katika zilizosalia zilijengwa katika karne ya 18 na ya 19, zimefanywa kwa vitu vitatu: mawe ya matumbawe, chokaa na miti ya mikoko. Mawe yalichongwa miambani, mengi katika kisiwa cha Manda, mahali paitwapo Maweni, yakavushwa kwa mashua. Chokaa ilipatikana kwa kupanga vipande vya matumbawe juu ya rundo kubwa la kuni na kulitia moto, mpaka jiwe likageuka kuwa unga mweupe. Mikoko ilikatwa katika maji ya chumvi yanayozunguka visiwa. Wakataji walikuwa na jina kwa kila unene wa mti: mwembamba kabisa ni fito, kisha pau, kisha mazio, kisha boriti, na mnene zaidi ni nguzo na banaa. Boriti ndiyo iliyobeba dari.

Sasa tazama jambo moja la ajabu. Dari ya nyumba hizo ilikuwa nzito sana, kwa kuwa juu ya boriti palipangwa mawe na kumiminwa chokaa. Boriti ndefu ingepinda au kuvunjika chini ya uzito huo. Kwa hiyo vyumba vya Lamu ni virefu lakini ni vyembamba. Upana wake ni mita 3 hivi, na mara nyingi ni pungufu. Tajiri aliyeweza kununua jahazi zima pamoja na shehena yake hakuweza kukipanua chumba chake kupita nguvu za mkoko. Aliweza kupamba ukuta kwa zidaka za nakshi, akapanga ndani yake sahani za Kichina. Aliweza kutia mlango wa mbao zilizochorwa maua. Lakini kipimo cha chumba kilitoka matopeni, mikononi mwa mkataji.

Na mkataji huyo, kazi yake ilikuwaje? Alikwenda na mashua maji yakijaa, akashuka maji yakipwa, akasimama katika tope lililomfika magotini, kati ya mizizi na mbu. Alikata, akabeba begani, akapakia, akangoja maji yajae tena ili chombo kielee. Miti yake haikuishia Lamu. Kila mwaka pepo za kaskazi zilileta majahazi kutoka Arabuni, Uajemi na Bara Hindi, yakiwa na tende, mazulia na vyombo. Na kusi ilipoanza kuvuma yalirudi kwao yamesheheni boriti, kwa sababu nyingine katika nchi hizo ni za jangwa, na miti ya kujengea ni haba huko. Biashara hiyo iliendelea mpaka mwaka 1982, Serikali ya Kenya ilipokataza mikoko isipelekwe ng'ambo. Basi ukiambiwa kwamba nyumba fulani ya zamani huko Ghuba ya Uajemi ina dari ya boriti kutoka Afrika ya Mashariki, kumbuka bega la mtu.

Tuingie sasa ndani ya nyumba. Mbele ya mlango pana daka, nalo ni ukumbi mdogo wenye viti vya mawe pande mbili. Hapo bwana wa nyumba aliketi na wageni wake, wakanywa kahawa, wakazungumza bei ya ufuta, habari za vyombo na mashairi ya mahasimu. Mgeni wa kawaida aliishia hapo. Ukipita mlangoni wafika kiwandani, yaani uani, penye mwanga na hewa. Mbele yake ni msana. Nyuma ya msana ni ndani, pahali pa wenye nyumba wenyewe. Kadiri unavyoendelea ndivyo giza na heshima vinavyozidi. Katika choo pana birika la maji, na katika birika huwekwa visamaki vidogo vinavyokula viluwiluwi vya mbu. Hiyo ni akili kubwa ya watu wa kale, nasi twaisifu. Lakini birika halijijazi lenyewe. Maji yalitoka kisimani, na mtu aliyeyateka ni mara chache kuwa ndiye aliyeyaoga.

Juu ya vichochoro utaona mahali pengine wikio, yaani chumba au daraja linalounganisha nyumba mbili, watu wakipita chini yake. Kwa njia hiyo mwanamke wa nasaba aliweza kumtembelea jamaa yake bila kushuka njiani. Na ilipombidi kutoka, katika karne ya 19 alitoka chini ya shiraa, kitambaa kikubwa mfano wa hema, kilichoinuliwa kwa miti na wajakazi wake. Aliyefunikwa hakuonekana na mtu. Wale walioshika miti walionekana na mji mzima, wala hakuna aliyeuliza majina yao.

Usidhani, msomaji, kwamba mwanamke aliyekuwa ndani hakuwa na kazi wala fikira. Wanawake walisuka mikeka, walishona, waliwafundisha watoto Kurani, na baadhi yao walikuwa washairi hodari. Mwana Kupona binti Msham wa Pate, aliyeishi katika karne ya 19, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha unaosomwa hata leo. Sauti yake tunaisikia kwa kuwa alijua kuandika. Mjakazi aliyewasha moto katika nyumba kama yake alikuwa na binti pia, naye bila shaka alikuwa na mawaidha ya kumpa. Lakini hayakupata kalamu.

Hapa hatuna budi kusema wazi neno ambalo wengine hupenda kulipita upesi. Uzuri wa Lamu ya karne ya 19 ulisimama juu ya utumwa. Mashamba yaliyoulisha mji na kuutajirisha yalikuwa ng'ambo, barani, na humo watumwa walilima mtama, mahindi na ufuta. Wengi wao waliletwa kwa nguvu kutoka bara ya kusini, upande wa Ziwa Nyasa, wakapitishwa Kilwa na Unguja. Mjini, watumwa walikuwa wapishi, wachukuzi, mabaharia na mafundi. Hali zao hazikuwa sawa. Aliyeletwa karibuni aliitwa mjinga, kwa kuwa hakujua lugha wala desturi. Aliyezaliwa pwani aliitwa mzalia, na cheo chake kilikuwa juu kidogo. Suria akimzalia bwana wake mtoto, mtoto huyo alikuwa huru. Lakini mwisho wa mambo, mtu alikuwa mali ya mtu, na ngazi ya chini huwa ya chini hata ikisuguliwa ikang'aa.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja, akishurutishwa na Waingereza, alitia sahihi mkataba wa kukataza watumwa wasisafirishwe baharini na kufunga masoko yao. Hata hivyo waliokwisha kuwa watumwa walibaki hivyo kwa muda mrefu. Katika pwani ya Kenya sheria haikuuondoa utumwa mpaka mwaka 1907, tena fidia walilipwa mabwana. Aliyetumikishwa hakulipwa kitu kwa miaka yake iliyopotea. Alipewa uhuru, akaachwa atafute shamba, kazi na mahali pa kuketi katika mji ambao viti vyake vyote vya mawe vilikuwa na wenyewe.

Ni vema kujua kwamba baadhi ya watu walikwisha kuanza kuvipanua viti hivyo. Mtaa wa kaskazini wa Lamu, Mkomani, ulikuwa mtaa wa nyumba kubwa za mawe. Kusini, katika Langoni, walikaa wageni na watu wanyonge, wengi katika nyumba za udongo na makuti. Upande huo, mwanzoni mwa karne ya 20, ndiko ulikojengwa msikiti wa Riyadha, wa Sayyid Saleh bin Alawi, maarufu kwa jina la Habib Saleh, aliyekuja Lamu kutoka visiwa vya Ngazija. Mwanachuoni huyo alikubali kuwasomesha watu wote, hata waliokuwa watumwa na watoto wao, ijapokuwa wakubwa wengine wa mji walichukizwa kuona elimu ya dini ikitolewa kwa watu wasio na nasaba. Tena hakuyakataza matari katika Maulidi. Leo Maulidi ya Lamu huwakusanya wageni kutoka pande nyingi za Afrika ya Mashariki, na fahari ya mji mzima imetoka katika mtaa uliodharauliwa.

Amebaki shahidi mmoja wa mwisho, naye yumo kinywani mwako. Unaposema kwamba fulani amepata kibarua, watumia neno la zamani. Katika miji ya pwani kibarua alikuwa mtumwa aliyeruhusiwa kutoka kutafuta kazi ya siku kwa watu wengine, na jioni akagawana ujira na bwana wake. Bwana amekufa, sheria imefutwa, na neno limebaki. Kila tulitamkapo tunamtaja mtu huyo bila kujua.

Tena liko neno mwungwana. Hapo kale mwungwana maana yake ilikuwa mtu huru, asiye mtumwa, aliyezaliwa na watu huru. Cheo hicho hakikupatikana kwa tabia njema. Kilipatikana kwa kuzaliwa. Siku hizi tukimwita mtu mwungwana twamaanisha kwamba ana adabu, ni mpole, na hutimiza ahadi. Neno limetoka katika damu likahamia katika mwenendo. Mimi naona badiliko hilo ni tukio kubwa la historia kama vita vya Shela, ijapokuwa halina siku wala jemadari. Watu wengi wasiojulikana, waliokuwa na adabu ingawa hawakuhesabiwa kuwa waungwana, ndio waliolivuta neno hilo kidogo kidogo mpaka likawatosha.

Basi, msomaji, ukipata nafasi ya kwenda Lamu, au ukipita Mombasa katika mitaa ya Mji wa Kale, utazame milango na nakshi, kwa maana ni kazi nzuri ajabu. Kisha inua macho uhesabu boriti za dari, na kila boriti uiulize ilibebwa na nani. Fanya vivyo hivyo mahali pako ulipozaliwa, hata kama hapana jumba la mawe. Kiko kisima, liko daraja, iko njia, au liko darasa ulimoketi. Wako wazee wanaowakumbuka waliochimba na waliojenga. Waulize majina yao, na uyaandike kabla wazee hao hawajaondoka.