Sonona: Jina la Ugonjwa, Si Jina la Mzigo

Sonona ilikuwa kitenzi kabla haijawa istilahi ya tiba. Kusonona ni kuumia kwa ndani, na aliyechomwa na maneno ya jamaa yake husemwa kuwa amesononeka. Leo wataalamu wa afya ya akili, hasa nchini Tanzania, hulitumia neno hilo kutaja ugonjwa ambao mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa ulikuwa umewapata watu wapatao milioni 280. Wengi wetu bado tunauita msongo wa mawazo. Naona tunakosea, kwa kuwa msongo ni mzigo unaomwelemea mtu: deni, karo, ugomvi wa ndoa. Mzigo ukitua, aghalabu moyo nao hutulia. Sonona yaweza kubaki hata mzigo ukishatuliwa.

Mwongozo wa utambuzi wa madaktari wa akili wa Marekani, toleo la tano la mwaka 2013, unataka dalili zisizopungua tano kati ya tisa, karibu kila siku kwa wiki mbili, na mojawapo iwe ama moyo mzito ama kutofurahia tena yaliyokuwa yakipendeza. Nyingine ni usingizi kupotea au kuzidi, mabadiliko ya hamu ya chakula au ya uzito, uchovu, mwili kuzubaa au kuhangaika, kujilaumu, kushindwa kutuliza fikra, na kuwaza kifo. Nyingi kati ya hizo huonekana mwilini, ndiyo maana mgonjwa huweza kufika zahanati akilalamikia kichwa na mgongo. Neno linalotaja maumivu linamfaa kuliko linalotaja mawazo.

Msongo ni kihatarishi kimoja tu. Vipo pia urithi wa ukoo, mateso ya utotoni, maradhi sugu, ulevi na kipindi cha baada ya kujifungua. Mama aliyejifungua salama, asiyepungukiwa riziki wala upendo, akiambiwa ana msongo atatafuta mzigo wake asiuone, kisha ajihukumu kuwa hana shukrani.

Wapo watakaosema kwamba watu wenyewe husema “nina mawazo”, na lugha ni yao. Ni kweli, na mhudumu mwema huanzia hapo; ila maneno ya mgonjwa hufungua mazungumzo, hayatoshi kuwa jina la ugonjwa. Wengine huona sonona inakaribiana mno na kisonono. Muktadha huyatenganisha, kama unavyotenganisha kaa la moto na kaa wa pwani. Pingamizi zito zaidi ni kwamba tutaigeuza kila huzuni kuwa maradhi. Hapo hasa ndipo istilahi inapotusaidia, kwa kuwa inakuja na vipimo: idadi ya dalili, muda wake, na kiasi zinavyomzuia mtu kuishi maisha yake. Ukimuuliza mgonjwa ana mawazo gani, huenda asiwe na la kukujibu. Muulize amesononeka tangu lini, naye ataanza kuhesabu siku.