Malaria, Mtoto na Nyumba za Upare

Leo tutazame jambo lililotendeka hapa kwetu.

Zamani, watoto wengi wa nyanda zilizo chini ya milima ya Upare walipungukiwa damu kwa ajili ya malaria. Mwaka 1955 watu walianza kupita nyumba kwa nyumba, tangu Upare hadi Taveta, nchini Kenya, wakinyunyiza kuta dawa iitwayo dieldrini. Mbu aliyetua ukutani alikufa. Malaria ikapungua sana, na damu ya watoto ikaongezeka.

Kwa nini damu? Kijidudu cha malaria huingia katika chembe nyekundu za damu na kuzipasua. Hapo mwili hujitetea. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Tezi hizo hutoa homoni, ambazo ni kama wajumbe wasafirio ndani ya damu. Mjumbe mmoja huliamuru ini litoe sukari, ili mwili upate nguvu. Lakini akiba ya mtoto mdogo ni haba, na mtoto mgonjwa hataki kula. Sukari ikiisha, huzimia au hushikwa na degedege.

Kwa hiyo ni heri kumzuia mbu mapema. Lakini mwaka 1959 unyunyizaji ulikomeshwa. Polepole mbu wakarudi, na malaria pamoja nao.

Basi, ndugu, nguvu za mtoto zina kikomo, na ulinzi wa nyumba hufaa ukidumishwa. Mlazeni mtoto katika chandarua kila usiku. Akipata homa, mpelekeni zahanati siku ile ile. Msingoje degedege.