Sauti Ambazo Kamera Haizioni

Mwaka 1920, sinema ikiwa bado bubu, watu wa Berlin walitazama filamu ya Robert Wiene, Das Cabinet des Dr. Caligari. Nyumba zake zimepinda, vivuli vimechorwa ukutani kwa rangi. Katika sehemu moja, mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili anatoka nje usiku na maneno yanaanza kumwandama. Yanajiandika hewani na juu ya miti, yakimwamuru awe Caligari. Akigeuka huku, yapo. Akikimbilia kule, yamemtangulia. Wiene hakuwa na sauti, basi akaiandika.

Hakuitaja skizofrenia, lakini kwa maoni yangu ilipita miaka mingi kabla ya mwongozaji mwingine kuusogelea ugonjwa huu kiasi kile. Maana skizofrenia huingia zaidi kwa njia ya sikio. Wako wanaoona maruweruwe, ila wengi zaidi husikia sauti zikiwasema, zikiwatukana, zikiwaamrisha, hali chumba ni kimya. Sinema nayo hutegemea jicho, na ilipokosa cha kuonyesha ilishika kisu.

Katika Psycho ya Alfred Hitchcock, mwaka 1960, Norman Bates anavaa nguo za marehemu mama yake na kuua. Mwishoni daktari anaeleza kwamba ndani ya kijana huyo mna nafsi mbili. Hiyo si skizofrenia. Mswisi Eugen Bleuler, aliyeuita ugonjwa jina hilo mwaka 1908 kwa maneno ya Kigiriki ya kupasuka na akili, alikusudia mawazo na hisia kuachana njia, wala hakusema watu wawili katika mwili mmoja. Lakini kosa lilishaota mizizi. Mwaka 2000, Me, Myself & Irene ilimpa Jim Carrey nafsi mbili, ikaziita skizofrenia, na kumbi zikacheka.

Mimi sicheki. Mwaka 2012 mtafiti Patricia Owen alichapisha uchambuzi wa filamu 41 zilizotoka kati ya 1990 na 2010, zenye wahusika 42 wenye ugonjwa huu. Wengi wao walionyeshwa wakiwa wakali, kwa wengine au kwao wenyewe, na karibu theluthi moja ya hao wakali waliua. Katika maisha, wagonjwa walio wengi hawamgusi mtu; mara nyingi wao ndio hupigwa na kuonewa. Mama anarudi na mwanawe kutoka kliniki, majirani wanawavuta watoto wao ndani. Woga ule una mahali ulipofunzwa.

Lodge Kerrigan alirudi sikioni mwaka 1993 kwa Clean, Shaven. Peter anaendesha gari lililobandikwa magazeti madirishani. Redio inakwaruza, nyaya za umeme zinavuma, watu wanasema wakikatizana, na mtazamaji hajui kipi kiko nje na kipi kiko kichwani. Peter anaamini amepandikizwa mtambo wa kurusha mawimbi kidoleni, basi anaung'oa ukucha wake kwa kisu. Hata hivyo, Kerrigan naye anamwekea tuhuma ya kuua mtoto.

Iliyopendwa zaidi ni A Beautiful Mind ya Ron Howard, mwaka 2001, iliyopata Oscar nne. John Nash, mwanahisabati aliyetunukiwa Nobel ya uchumi mwaka 1994, alisikia sauti. Filamu ilimpa watu wa kuonekana: rafiki Charles, jasusi Parcher na mtoto Marcee. Talaka yake na Alicia ya 1963 ilifichwa. Tena Nash wa filamu anasema anatumia dawa mpya, ilhali mwenyewe alisema aliziacha tangu 1970. Hilo la dawa sililaumu; mgonjwa akitoka ukumbini akatupa vidonge vyake, anaweza kurudi wodini.

Na kuna mahali Howard alilitumia jicho vizuri mno. Marcee anakimbia katikati ya njiwa, wala hakuna hata mmoja anayeruka. Hatuelezwi kitu. Baadaye sana, mvua ikinyesha, Alicia amewasha gari aondoke na mtoto wao, Nash anamzuia kwa mbele. Amehesabu miaka tangu amjue Marcee, na mtoto yule hajakua.