Simu ya kukunja, simu ya nguvu, na vumbi la kambini

Wenzetu wa zone zote za Nyarugusu, na nyinyi wa Nakivale na Kakuma mnaotusoma kwa bando la kuazima, mwezi huu tunaandika juu ya simu, na sababu ni kwamba tumegombana.

Ugomvi wenyewe ni huu. Kikundi kimechanga karibu mwaka mzima, hela za kufyatua tofali, za kusuka nywele, na posho kidogo ya sisi tunaojitolea. Tumefikisha laki tano na nusu za Tanzania. Ni hela ya kununua simu moja ya kurekodi wazee wetu. Ile ya kwanza mnajua ilivyokufa: vumbi lilijaa kwenye tundu la chaji na kwenye maiki, fundi akaifungua, haikuwaka tena. Ndani yake mlikuwa na saa nne za mzee mmoja wa Fizi akisimulia walivyovuka Ziwa Tanganyika mwaka 1996. Mzee mwenyewe amefariki mwezi wa tatu.

Sasa muuzaji mmoja wa mjini ametutumia picha za simu mbili za mtumba, bei karibu sawa. Moja ni Samsung Galaxy Z Flip 3, ile inayokunjwa katikati kama kioo cha kujipodolea. Nyingine ni Galaxy S21, imenyooka tu kama simu zote, lakini inasifiwa nguvu. Zote mbili zilitoka 2021. Nusu ya kikundi wakasema ya kukunja, nusu wakasema ya nguvu, na jioni ile hatukuelewana kabisa. Ndo tukaamua tusome kwanza hizi simu zimetoka wapi. Kumbe ugomvi wetu ni wa zamani kuliko sisi.

Tuanze na kwa nini mtu alitaka kukunja simu. Simu ya mkononi ya kwanza kuuzwa madukani, Motorola DynaTAC ya 1983, ilikuwa kama tofali. Uzito wake ulikaribia kilo moja, bei dola 3,995, na ukiongea nusu saa chaji imekwisha. Shida ya wahandisi ilikuwa moja: mdomo na sikio viko mbali. Simu ikiwa fupi, maiki haifiki mdomoni. Kwa hiyo mwaka 1989 Motorola wakatoa MicroTAC, yenye kifuniko kinachoshuka hadi karibu na mdomo. Mwaka 1996 wakatoa StarTAC, ambayo ilikunjika yote, nusu juu ya nusu, na ilikuwa na gramu 88 tu. Mwaka 1996 ndio huohuo kambi yetu ilipofunguliwa. Huko mtu alikuwa anafunga simu yake mfukoni, huku wazazi wetu walikuwa wanafunga vitambaa vya nguo kichwani kubeba walichowahi.

Basi kukunja hakukuanza kama urembo. Ilikuwa njia ya kuifanya simu iingie mfukoni na bado ifike mdomoni. Urembo ulikuja baadaye, na mwaka wake ni 2004, Motorola Razr V3. Nyembamba, ya bati linalong'aa, unaifungua kwa kidole gumba, unaifunga kwa kishindo kumaliza maongezi. Marekani ilianza kuuzwa karibu dola 500, tena kwa mkataba wa miaka miwili. Mpaka inaachwa zilikuwa zimeuzwa zaidi ya milioni 130. Yaya wetu mmoja hapa anakumbuka kuiona Uvira kwa mfanyabiashara wa samaki. Anasema watu walikuwa wanampigia bila neno la kusema, ili tu waone anavyoifungua.

Lakini mwaka mmoja kabla ya Razr, Nokia walitoa simu ambayo hakuna aliyeiita nzuri. Nokia 1100. Imenyooka, ya plastiki, haina kamera, haina rangi. Waliitengeneza wakiwafikiria watu wa nchi kama zetu, na ukiitazama unaona walifikiri kweli. Vitufe vyote vimefunikwa na mpira mmoja usio na mwanya, ili vumbi lisipenye. Pembeni mpira tena, ili isiteleze mkono wenye jasho. Na juu kuna tochi. Hapa Tanzania mpaka leo simu yoyote ya vitufe inaitwa kitochi, hata ile ambayo tochi yake haiwaki. Nokia 1100 iliuzwa zaidi ya milioni 250. Hiyo ni karibu Razr mbili.

Kilichotushangaza sisi ni kwamba Motorola wenyewe, hao wa Razr, mwaka 2005 walishinda zabuni ya chama cha makampuni ya simu duniani ya kutengeneza simu ya chini ya dola 40 kwa ajili ya nchi maskini. Simu hiyo iliitwa C114. Haikukunjwa. Kampuni iliyokuwa bingwa wa kukunja, ilipoambiwa itengeneze ya kwetu, iliacha bawaba. Bei ni sababu mojawapo, ndiyo. Lakini muulize fundi yeyote wa zamani simu za kukunja zilikuwa zinafia wapi. Atakuambia palepale kwenye kiungo. Ndani ya bawaba kuna kimkanda chembamba kinachopeleka umeme na picha kwenye kioo. Kinakunjwa, kinanyooshwa, kinakunjwa, siku moja kinakatika. Simu inaita vizuri lakini kioo cheupe.

Mwaka 2007 iPhone ikatoka, vitufe vikafa, na simu zote duniani zikawa kipande kimoja cha kioo. Miaka zaidi ya kumi mashindano yakawa ya nguvu tu: ubongo wenye kasi, RAM kubwa, kamera, betri. Hapo hatukai sana, mnaijua hadithi, kila mmoja wetu ana binamu anayeihesabia RAM simu asiyo nayo.

Kukunja kulirudi pale walipoweza kutengeneza kioo chenyewe kinachopinda. Kampuni ya China, Royole, ilitangulia mwishoni mwa 2018 na FlexPai. Halafu tarehe 20 Februari 2019, huko San Francisco, Samsung wakaonyesha simu za aina zote mbili siku moja, ukumbi mmoja. Galaxy S10 ya kunyooka, dola 900 hivi. Galaxy Fold ya kukunja, dola 1,980. Marekani zote mbili zilikuwa na ubongo uleule, Snapdragon 855. Yaani anayelipa zaidi ya mara mbili alikuwa analipia bawaba na kioo kikubwa, kasi ni ileile.

Walisema wameikunja mara 200,000 kwa mashine na haikuvunjika. Mwezi wa nne wakawapa waandishi wachache waijaribu. Ndani ya siku chache kadhaa zikafa. Wengine walibandua karatasi ya juu ya kioo wakidhani ni ile ya dukani, kumbe ni sehemu ya kioo. Zingine ziliharibiwa na takataka ndogo zilizoingia kwenye nafasi ya bawaba zikakaa chini ya kioo, kioo kikainuka kama ngozi yenye jipu. Samsung wakaahirisha mauzo mpaka mwezi wa tisa, wakaziba zile nafasi juu na chini ya bawaba. Tunaomba msome hapo mara mbili: mashine ilikunja 200,000, lakini mashine haikuwa na vumbi. Na hao waandishi hawakuwa Nyarugusu mwezi wa nane, ambapo ukipiga chafya inatoka nyekundu.

Mwaka 2020 Z Flip ya kwanza ikaja na broshi ndogo za nyuzi ndani ya bawaba, kama za mashine ya kufagia zulia, zisukume vumbi nje. iFixit, wale mafundi wa Marekani wanaofungua kila simu mpya, wakaitia unga wa rangi ya zambarau. Unga ukaingia.

Sasa tufike kwenye hizi mbili zetu, maana hapa ndo tulijifunza kitu ambacho wengi hatukukijua. Kwenye karatasi ya simu kuna alama ya IP na tarakimu mbili. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya juu kabisa ni 6. Ya pili ni ya maji. Galaxy S21 ni IP68: vumbi halipenyi, maji inavumilia. Z Flip 3 ni IPX8. Muuzaji aliisoma kwa fahari, "nane hii, unaweza kuizamisha!" Ni kweli, maji inavumilia. Lakini ile X si pambo. Maana yake kwa upande wa vumbi haikupewa kipimo chochote. Walipoona hawawezi kuahidi, wakaweka X.

Kwa haki, hawakulala. Flip ya 2024 ilifika IP48, na hiyo 4 inazuia vitu vya zaidi ya milimita moja, kokoto sawa, vumbi letu hapana. Mwaka 2025 Google wakatoa Pixel 10 Pro Fold yenye IP68, ya kukunja ya kwanza kufika hapo. Itatufikia sisi mtumba labda tukiwa na watoto.

Nguvu nayo tuiseme. RAM ni 8 kwa zote mbili, na ubongo ni wa daraja moja. Tofauti iko kwenye betri: S21 ina mAh 4,000, Flip 3 ina 3,300, nayo imegawanywa vipande viwili kwa sababu betri haikunjwi. Kwa mtu mwenye umeme nyumbani hiyo ni kitu kidogo. Kwetu sisi tunaopeleka simu kuchajiwa kwenye sola ya mtu, tukilipa kila mara, tukiiacha hapo na roho juu, ni tofauti ya kumaliza simulizi ya mzee au kumwambia, "Papa, tutarudi kesho."

Kuna aliyeuliza mkutanoni ipi kati ya hizi ina coltan kidogo. Swali la Mkongomani hilo. Jibu ni kwamba simu za namna hii hutumia tantali, ikunjwe isikunjwe, kwenye vile vifaa vidogo vinavyotunza umeme. Bei yake iliporuka mwaka 2000, vita vya kwetu vilikuwa vimeshapamba, na mwaka 2001 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaandika jinsi madini yalivyokuwa yanabebwa. Mgodi wa Rubaya, Masisi, bado unagombaniwa mpaka leo. Kwa hiyo hapo huwezi kuchagua simu safi kwa umbo lake. Tuliliweka swali hilo pembeni, lakini hatukulifuta kwenye daftari.

Tusiwadanganye kwamba wa upande wa kukunja hawakuwa na hoja. Dada zetu ndio walioitetea zaidi, nasi wengine tulicheka haraka mno. Mmoja alisema: ikikunjwa inaingia kwenye fundo la kitenge, hakuna anayejua nimebeba simu. Ya kunyooka inaonekana mbali, na mimi ndiye ninayetembea nayo jioni kutoka kwa bibi, si nyinyi. Mwingine alisema Flip unaikunja nusu, unaisimamisha mezani yenyewe, inarekodi bila mkono wa mtu. Mzee akiona mkono umeshika simu mbele ya uso wake anaanza kuongea kama yuko kwenye mahojiano ya ofisi. Simu ikikaa pembeni kama kikombe, anasahau. Hiyo ni kweli, tumeiona kwa macho. Na hakuna kitochi wala S21 inayojibu hoja hiyo.

Na kijana mmoja mkimya kabisa alisema neno lililotunyamazisha wote. Simu ya kwanza iliuawa na vumbi, sawa, lakini saa nne za mzee tulizipoteza sisi. Hatukunakili mahali. Na hizi mbili tunazogombania, hakuna hata moja yenye nafasi ya memori kadi. Tulikagua. Kweli, hakuna.

Kura zilipigwa Jumapili baada ya ibada. Tisa kwa S21, sita kwa Flip. Tumemwambia muuzaji tutaitazama kwa macho kwanza, na tutamuuliza kama imewahi kufunguliwa, maana fundi akishaifungua ile gundi ya pembeni inaachia na hiyo 6 ya vumbi inabaki kwenye karatasi. Tumebakiza elfu arobaini: za flashi moja na kiwaya chake, na kava lenye kizibo cha tundu la chaji. Aliyesema habari ya kitenge ameshona kifuko cha kitambaa cha zamani chenye kamba ya kiunoni. Kisimamio tumefinyanga kwa udongo wa tofali, kimepasuka mara moja, cha pili kinakauka.

Jumamosi tunaanza na bibi wa Baraka, yule anayejua majina ya mitumbwi yote. Wafanyakazi wa mashirika mnaotusoma, kama mna kompyuta ofisini tunayoweza kumwagia sauti kila Ijumaa, hata kwa nusu saa, mtuandikie hapa chini.