Mvi Kwenye Jukwaa la Roki

Mwaka 1965 bendi ya The Who ya London ilitoa "My Generation", wimbo unaouona uzee kuwa mbaya kuliko kifo. Mtunzi wake, Pete Townshend, alikuwa na miaka 20. Mpiga dramu Keith Moon hakuufikia uzee huo: alifariki 1978 akiwa na miaka 32. Mpiga besi John Entwistle alifuata mwaka 2002, akiwa na miaka 57, siku moja tu kabla ya ziara ya Marekani kuanza. Wakabaki wawili, Townshend na mwimbaji Roger Daltrey. Mwaka 2025, mmoja akiwa na miaka 80 na mwenziwe 81, walizunguka Marekani Kaskazini kuwaaga mashabiki.

Roki ilizaliwa ikiwa bidhaa ya vijana. Katika miaka ya 1950 vijana wengi wa Marekani walikuwa na fedha mfukoni za kununulia santuri, na redio ndogo za kusikilizia muziki mbali na wakubwa. Wenye kampuni za rekodi waliliona soko hilo mapema. Hata hivyo, baadhi ya waliowaimbia vijana hao walikuwa watu wazima. Chuck Berry alirekodi "School Day", wimbo wa adha za mwanafunzi darasani, mwaka 1957 akiwa na miaka 30, tayari mume na baba.

Uzee nao, ulipotajwa, ulisimuliwa na wasioujua. Paul McCartney alianza kuutunga wimbo "When I'm Sixty-Four" akiwa bado mvulana wa Liverpool. The Beatles walipoutoa 1967 alikuwa na miaka 24. Aliyekuwa ametimiza 64 ni baba yake. Neil Young alinunua shamba California mwaka 1970 na kumkuta huko mzee aliyelitunza. Kutokana na mzee huyo akatunga "Old Man", uliotoka 1972, wimbo wa heshima ambamo kijana anayapima maisha yake kwa maisha ya aliyemtangulia.

Kisha vifo vikaleta picha nyingine. Jimi Hendrix, Janis Joplin na Jim Morrison walifariki kati ya Septemba 1970 na Julai 1971, wote wakiwa na miaka 27. Picha zao hazioti mvi. Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, aliondoka 1991 akiwa na miaka 45, na ukutani mwa mashabiki masharubu yake ni meusi hadi leo. Nywele za Brian May, mpiga gitaa wa bendi yao, Queen, zimekuwa nyeupe.

Waliobaki hai walianza kudaiwa na miili yao. Kelele za muziki zilimharibia Townshend masikio. Mwaka 2016 Brian Johnson wa AC/DC aliacha ziara katikati kwa kuogopa uziwi kamili, akarudi na albamu mpya 2020. Mick Jagger wa The Rolling Stones alitibiwa vali ya moyo mwaka 2019 akiwa na miaka 75, na Juni ya mwaka huohuo alikuwa akikimbia jukwaani Chicago. Ziara ya bendi hiyo ya 2024 ilidhaminiwa na AARP, shirika la Marekani la watu wa miaka 50 na kuendelea.

Kwa wanawake mlango ulifungwa mapema zaidi. Tina Turner alikwisha kuhesabiwa kuwa wakati wake umepita pale alipotoa albamu ya "Private Dancer" mwaka 1984 na kushika nafasi ya kwanza Marekani kwa "What's Love Got to Do with It". Alikuwa na miaka 44.

Badiliko kubwa zaidi liko ndani ya nyimbo: wazee wameanza kuuimba uzee wao wenyewe. Mwaka 2002 Johnny Cash, mgonjwa wa miaka 70, aliimba upya "Hurt", wimbo ambao Trent Reznor aliutoa 1994 kabla hajafika miaka 30. Maneno ni karibu yaleyale, lakini kilio cha kijana kinageuka kuwa hesabu ya maisha mazima, na video inamwonyesha Cash pamoja na makumbusho yake yaliyofungwa na kuchakaa. David Bowie alitoa albamu ya "Blackstar" tarehe 8 Januari 2016, siku aliyotimiza miaka 69. Alifariki siku mbili baadaye kwa saratani ambayo mashabiki hawakuijua.

Tarehe 5 Julai 2025 Ozzy Osbourne alirudi Birmingham, mji aliozaliwa, kuimba kwenye uwanja wa Villa Park, jirani na mtaa aliokulia. Ugonjwa wa Parkinson ulikuwa umemnyima nguvu za kusimama. Aliinuliwa kutoka chini ya jukwaa akiwa ameketi kwenye kiti cheusi cha enzi, mbele ya macho ya maelfu, na baadaye wenzake watatu walioanzisha naye Black Sabbath mwaka 1968 wakaungana naye. Aliimba akiwa kitini hadi wimbo wa mwisho. Alifariki siku 17 baadaye, akiwa na miaka 76.