Uraibu wa Umeneja: Historia Fupi ya Mchezo Ulioninyima Usingizi

Ndugu Mhariri aliponitaka niandike makala ya historia kwa gazeti letu la mwaka huu, bila shaka alitazamia habari za kujengwa kwa bwalo, au za ule mgomo wa maharage ambao kila mmoja wetu anadai si yeye aliyeuanzisha. Anisamehe. Nimechagua jambo ambalo vijana waliotufuata shuleni walikuwa wakilibishania katika mkutano wetu uliopita, simu mikononi, huku sisi wazee tukidhani kwamba wanazungumza habari za timu za kweli. Kumbe walikuwa wakizungumza michezo ya kompyuta ya umeneja wa soka. Kijana mmoja alijisifu kuwa ametwaa kombe la Ulaya kwa timu aliyoitoa daraja la tatu. Nilicheka pamoja na wengine, lakini kicheko changu kilikuwa cha mtu aliyewahi kuugua ugonjwa huo.

Wenzangu wa miaka ile mtakumbuka kwamba mwaka 1979, nilipokuwa kidato cha tano, nilikuwa katibu wa michezo. Mpira wenyewe sikuuweza. Nikipewa pasi ulinipita chini ya mguu, na mkishangilia ilikuwa kwa kunidhihaki. Lakini kila Ijumaa jioni nilikaa na mwalimu wa michezo pamoja na nahodha tukapanga majina 11, nikayaandika kwa mkono wangu na kuyabandika kwenye ubao wa matangazo. Saa ile niliyokuwa nikishika kalamu, hata wale waliokuwa wakinidhihaki waliniamkia kwa adabu.

Ijumaa moja tulimwacha wingi wetu wa kushoto. Usiku, taa zilipokwisha kuzimwa, alikuja bwenini akasimama kando ya kitanda changu. Akauliza, "Katibu, nimekosa nini?" Nikamjibu kwamba ni uamuzi wa mwalimu. Haikuwa kweli. Jina lake nililikata mimi, kwa kuwa kulikuwa na kijana mpya mwenye mbio zaidi, naye mwalimu akakubali tu. Akasimama kidogo, kisha akaenda zake. Habari hiyo naiweka kiporo; nitairudia.

Sasa tuingie katika historia yenyewe. Mchezo wa kwanza wa namna hii kupata sifa kubwa ulitoka Uingereza mwaka 1982, nao uliitwa Football Manager. Mtunzi wake, Kevin Toms, alikuwa tangu utotoni akijibunia michezo ya mezani. Kampuni yake aliiita Addictive Games, maana yake Michezo ya Uraibu. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba hatukuonywa. Wazee wetu wa pwani walilitumia neno uraibu kwa tambuu na tumbaku, vitu ambavyo mtu huvitafuna baada ya kula, si kwa njaa bali kwa kuwa mdomo umezoea. Sijaona neno linalofaa zaidi.

Mwaka huo huo wa 1982 ilitoka kompyuta ndogo ya nyumbani iitwayo ZX Spectrum. Ile ya bei nafuu ilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 16, na kubwa yake kilobaiti 48. Picha moja tu ya simu zetu za leo isingeenea humo. Iliunganishwa na televisheni ya kawaida, na mchezo ulisomwa kutoka kwenye kaseti kama zile tulizosikilizia muziki wa dansi, ikipiga kelele za kutoboa masikio kwa dakika kadhaa. Mchezo wa Toms ulikupa timu ya daraja la 4. Kila mwanasoka alikuwa na namba ya ustadi, kuanzia 1 hadi 5, na namba ya pumzi iliyoshuka kadiri alivyopangwa mfululizo. Kulikuwa na mishahara ya kila wiki, majeruhi, na mkopo wa benki. Siku ya mechi uliona vijitu vya vijiti vikikimbilia goli, na ukiwa meneja hukuweza kuvigusa. Ulikaa ukaomba Mungu, kama meneja yeyote.

Hapo ndipo penye siri ya kwanza. Michezo mingine ya kompyuta ilitaka wepesi wa vidole, nao wepesi huo huchoka. Huu ulitaka uamuzi, kisha ukakunyang'anya madaraka juu ya matokeo. Timu ile ile ukiipanga vile vile dhidi ya mpinzani yule yule, leo hushinda na kesho hufungwa, maana mashine hurusha kete juu ya zile namba. Ukishinda unasema ni akili yako. Ukifungwa unasema ni bahati mbaya, na mechi ya pili iko umbali wa kitufe kimoja.

Ndugu wawili wa Shropshire, Paul na Oliver Collyer, walianza kutunga mchezo wao chumbani kwao katikati ya miaka ya 1980, wakiwa bado vijana wadogo. Ulitoka mwaka 1992 kwa kompyuta za Amiga na Atari ST, ukaitwa Championship Manager. Toleo lile la kwanza lilikuwa na majina ya kubuni. Mwaka uliofuata, 1993, likatoka toleo lenye wanasoka wa kweli, nami, kwa bahati yangu mbaya, mwaka huo huo nikatua Uingereza.

Mwajiri wangu alinipeleka huko kaskazini kusomea uhasibu kwa mwaka mmoja. Nilimwacha mke wangu na mtoto wetu wa kwanza, mwenye umri wa miezi mitatu. Chumba kilikuwa baridi, jua lilikuchwa saa kumi jioni, na mwanafunzi mwenzangu aliyekuwa akihama aliniuzia Amiga yake iliyotumika pamoja na sanduku la diski. Nilichagua Rochdale, timu ya daraja la chini kabisa katika yale manne. Nilidhani nitacheza hadi wakati wa chakula.

Wengi huuliza mtu anaona nini katika mchezo usio na picha. Katika toleo lile mechi ilikuwa maandishi tu: mstari mmoja ukisema fulani anapanda, mwingine ukisema anapiga, halafu kimya kidogo kabla ya kuambiwa kama ni goli. Sisi hatuhitaji kuelezwa jambo hilo. Mwezi Machi 1980, Taifa Stars walipocheza fainali za Afrika kule Lagos, tulijazana kuizunguka redio moja, na kila mmoja wetu aliliona goli la Thuwein Ally dhidi ya Ivory Coast kwa macho ya kichwani mwake. Tumelelewa na watangazaji wa Redio Tanzania. Yale maneno ya kwenye kioo yalikuwa kwangu ni redio ya zamani iliyorudi, ila safari hii aliyepanga timu alikuwa mimi.

Basi nikawa katibu wa michezo tena, mbali na nyumbani, saa nane za usiku. Jumamosi nilisikia majina ya wachezaji wangu katika matokeo ya kweli, nikawakasirikia waliofanya vibaya kana kwamba wamekiuka maagizo yangu. Barua za mke wangu nilizisoma, lakini majibu niliyaahirisha hadi mwisho wa msimu, na msimu ulipokwisha ukaanza usajili. Mwezi Juni nilianguka mtihani wa hesabu za gharama. Wenzangu walirudi makwao. Mimi nilibaki kurudia mtihani mwezi Septemba. Mtoto alianza kutembea mwezi Agosti. Nilimwandikia mama yake kwamba somo lile ni gumu sana. Somo halikuwa gumu.

Tangu hapo mchezo umezidi kufanana na kweli, nayo ni kazi ya watu. Mwaka 1994 wale ndugu walianzisha kampuni ya Sports Interactive, ikaeneza mtandao wa mashabiki katika nchi nyingi, kila mmoja akitazama timu za kwao na kuwapa wachezaji alama: kasi, pasi, ujasiri, hata tabia. Kila mwanasoka pia ana namba mbili ambazo meneja haonyeshwi, hadi 200: moja ya uwezo wake wa leo, na moja ya uwezo anaoweza kuufikia. Katika ile ya pili watu walikuwa wakitabiri, na utabiri una makosa yake.

Kosa maarufu ni la kijana mzaliwa wa Kinshasa, Tonton Zola Moukoko, aliyehamia Sweden angali mtoto na baadaye akachukuliwa na Derby County. Katika toleo la msimu wa 2001/02, ambalo wapo wanaolicheza hadi leo, alikuwa miongoni mwa wachezaji hodari kabisa. Maelfu ya mameneja wa vyumbani walitwaa makombe kwa miguu yake. Katika maisha ya kweli hakupata kucheza mechi hata moja ya timu ya kwanza ya Derby. Watu wasiomjua wamekuwa wakimshukuru kwa magoli asiyoyafunga. Nikimfikiria huyo, namkumbuka wingi wetu wa kushoto.

Kwa upande mwingine, mchezo ulisema kweli hata pale tulipotamani udanganye. Uliweka sheria za Uingereza za vibali vya kazi, kwamba wakati ule mchezaji kutoka taifa lisilo na nafasi nzuri katika orodha ya FIFA alikuwa akizuiwa mlangoni. Mwezi Januari 2010 McDonald Mariga wa Kenya alipotakiwa na Manchester City, kwanza alinyimwa kibali, na mwishowe akaenda Inter Milan. Mwenye kucheza mchezo huu hakushangaa. Alikwisha kuuona mlango ule ukifungwa mara nyingi chumbani kwake.

Mwaka 2003 watunzi waliachana na mchapishaji wao, Eidos. Jina la Championship Manager likabaki kwa mchapishaji, ila programu na hazina ya wachezaji zikabaki kwa watunzi. Waliungana na Sega, na mwezi Novemba 2004 wakatoa mchezo wao chini ya jina lile lile la Kevin Toms la mwaka 1982, Football Manager. Wachezaji walibadilisha jina wakamfuata mtunzi, kama washirika wamfuatavyo mpiga ngoma akihama uwanja. Mwaka 2008 Everton, timu ya kweli yenye maskauti wa kweli, ilikubaliana na kampuni hiyo kutumia hazina yake katika kutafuta wachezaji. Kufikia mwaka 2012 kilitoka kitabu juu ya waathirika wa mchezo huu, na jina lake latosha: Football Manager Stole My Life. Na kampuni ilipotangaza mwezi Februari 2025 kwamba toleo la mwaka huo limefutwa kwa kuwa halikufikia kiwango, vijana wetu walisikitika kama waliofutiwa ligi, hadi lilipotoka lililofuata mwezi Novemba.

Mwanangu wa mwisho naye alinaswa. Alikuwa amemsajili Mbwana Samatta kutoka Genk kabla Aston Villa hawajafanya hivyo kweli mwaka 2020, na hadi leo anawalaumu kwa kumwiga. Nilipomkemea kwa kukesha, mama yake aliniuliza nimeyajuaje sana mambo hayo. Nikamweleza yote, Rochdale na mtihani na Agosti ile, baada ya zaidi ya miaka 25. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akauliza, "Mlipanda daraja?" Nikamjibu kwamba tulimaliza wa 4, tukafungwa katika mchujo. Akasema, "Basi hata hilo," akaendelea kuchambua mchele.

Nilimtazama kijana wangu akicheza. Siku hizi mchezaji asiyepangwa huja kwa meneja kulalamika. Anataka kujua kwa nini ameachwa. Mwanangu alichagua moja ya majibu yaliyoandikwa tayari. Mchezaji akakasirika. Kijana akazima bila kuhifadhi, akawasha upya, akatoa jibu jingine, na mchezaji akaridhika. Nilishikwa na wivu, sikatai. Nadhani huo ndio uraibu wenyewe: si ushindi, bali ile nafasi ya kurudi nyuma hadi kabla ya kosa.

Katika mkutano uliopita nilimkuta wingi wetu wa kushoto, sasa ni babu wa wajukuu watano. Kabla hatujaagiza chai aliniambia, akicheka, kwamba bado nina deni lake la mwaka 1979. Nikamwambia ukweli, kwamba aliyelikata jina ni mimi. Akasema alijua usiku ule ule. Alitaka tu kulisikia kutoka kinywani mwangu.

Kamati imenipa tena kazi ya kupanga timu ya wazee itakayocheza na vijana katika mkutano ujao. Karatasi itabandikwa Ijumaa jioni mahali pale pale pa zamani. Wingi wa kushoto nimekwisha kumwandika, magoti yake yawe yamekubali au la. Mwenye malalamiko aje kwangu mchana, nami nitamweleza mwenyewe.